BILA GOLI HATA MOJA, WAKABEBA KOMBE!

HEBU kaa vizuri msomaji wangu, nikuulize swali dogo tu. Timu mbili zinacheza fainali. Ya kwanza inamtungua kipa mara mbili. Ya pili haifungi goli hata la kusingiziwa. Kipenga cha mwisho kinalia, halafu hiyo ya pili ndiyo inayokabidhiwa kombe! Mtu akikuletea habari hiyo kijiweni, si utamwambia akapimwe malaria kwanza?

Basi acha ubishi. Mambo hayo yalitokea kweli, siku ya Jumatano, Februari 12, 2020, kwenye viwanja vya chuo cha Dublin City University, jijini Dublin, nchini Ireland. Waliofunga magoli mawili ni vijana wa Chuo cha Teknolojia cha Carlow, maarufu kama IT Carlow. Waliobeba kombe ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cork, kifupi chake UCC. Kilichowatenganisha ni pointi moja. Moja tu, wajameni!

Mchezo wenyewe unaitwa halingi, na kombe lenyewe ni Fitzgibbon, yaani ubingwa wa vyuo vya elimu ya juu vya kule. Mimi mwandishi wako niliishia kidato cha nne, na chuo kikuu nakijua kwa kupita na daladala nje ya geti. Lakini msimu ule wa 2020 umenikaa kichwani kuliko fainali nyingi za mabilioni ambazo nimezikeshea kwenye vibanda vya video. Sababu nitakwambia. Kwanza tuelewane mchezo unachezwaje, maana bila hivyo utaniacha njiani.

GONGO LISILONYWEKA

Wachezaji ni 15 kila upande, na kila mmoja ana gongo lake mkononi. Narudia, gongo la mti, siyo lile la kwenye chupa! Linachongwa kutoka mti unaoitwa ash, na upande wa chini limepanuka kama mwiko wa kusongea ugali. Mpira ni mdogo, unaenea kiganjani, una uzito wa gramu 110 mpaka 120, umevikwa ngozi na una mishono iliyotokeza. Wenyewe wanauita sliotar. Ukikutana na gongo sawasawa unaweza kwenda kilomita 150 kwa saa. Basi la mkoani halioni ndani.

Kuuokota mpira chini kwa mkono ni kosa. Unauchota kwa gongo mpaka ukuingie mkononi. Ukishaudaka una hatua nne tu, mwisho. Ukitaka kwenda mbali zaidi unauweka juu ya gongo na kukimbia nao ukiwa umeubalansi, kama bi mkubwa anayetoka bombani na ndoo kichwani bila kuishika. Tofauti ni kwamba nyuma yako kuna njemba yenye gongo inakuja, na haiji kukusaidia kubeba. Kofia ngumu zilifanywa kuwa lazima kwa wachezaji wote kuanzia 2010. Kabla ya hapo watu wazima, wenye wake na watoto, walikuwa wanaingia kichwa wazi. Walikuwa wanawaza nini, usiniulize mimi.

Sasa twende kwenye hesabu, kwani hapo ndipo kilipo kisa chetu. Milingoti ya goli imekwenda juu kama herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya ukamshinda kipa, hilo ni goli, na goli moja lina thamani ya pointi 3. Ukipita juu ya mtambaa panya, katikati ya milingoti, unapata pointi 1. Matokeo yanaandikwa kwa namba mbili, magoli yanatangulia, pointi zinafuata. Carlow siku ile walimaliza na 2-11. Magoli 2 ni sawa na pointi 6, jumlisha 11, unapata 17. Cork walimaliza na 0-18. Kumi na nane kwa kumi na saba. Umenipata sasa?

Mshikaji wangu mmoja nilipomsimulia alikuja juu kweli kweli. Akasema huo ni wizi, goli ni goli, sheria ibadilishwe. Nikamwambia kaka, hebu tulia. Carlow walimfungua kipa mara mbili, sawa, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika mchezo huo. Lakini upande wa pili kuna watu ambao mara 18 walitoa mpira kwenye vurugu la magongo na kuupitisha juu, katikati ya milingoti. Haba na haba, kibaba kikajaa. Kingepungua kimoja tu ingekuwa sare. Vingepungua viwili, leo ningekuwa naandika makala nyingine kabisa.

PADRI NA MSHAHARA WAKE

Jina la kombe linatoka kwa Dk. Edwin Fitzgibbon, mtawa wa Shirika la Wakapuchini, wale wa kanzu za kahawia na mshipi wa kamba ambao hata hapa kwetu tunawafahamu. Alikuwa profesa wa falsafa pale pale Cork. Mwaka 1912 mzee huyo alichukua sehemu kubwa ya mshahara wake wa mwaka mzima akanunulia kombe ili wanafunzi wapate kitu cha kugombania. Mshahara wa mwaka, jamani! Sisi huku mtu akichangia jezi mbili za timu ya mtaa anataka jina lake liandikwe mgongoni.

Wa kwanza kulichukua walikuwa University College Dublin, yaani UCD, wala siyo vijana wa padri mwenyewe. Lakini Cork wamekuja kulipa deni hilo na riba juu yake. Ushindi wao wa 2020 ulikuwa wa 40, wakati UCD wanafuatia na 32. Kati ya 1981 na 1988 Cork walilichukua mara nane mfululizo bila kumpa mtu nafasi hata ya kulifuta vumbi. Vyuo vingine viliponea kwa zamu. Queen's ya Belfast ilionja mara moja, mwaka 1953. Maynooth, chuo kilichojulikana zaidi kwa kulea mapadri, kilibeba 1973 na 1974, na hapo naambiwa nisitie neno kuhusu maombi.

Halafu vikaingia vyuo vya ufundi, vile ambavyo wasomi wa vyuo vikuu vikongwe walikuwa wakiviangalia kwa jicho la pembeni. Mwaka 1992 chuo cha ufundi cha Waterford kikalitwaa, na baadaye kikaendelea mpaka kufikisha makombe tisa. Limerick nako kuna chuo cha ualimu, Mary Immaculate, ambako wanaume ni wachache mno ukilinganisha na kina dada. Hao wachache wakatoa timu iliyochukua ubingwa 2016, wakarudia 2017! Ndiyo kusema kuna watoto wa shule za msingi kule Ireland ambao mwalimu wao wa hesabu ana medali ya Fitzgibbon kabatini.

Na fainali ile ya 2017, Mary Immaculate walimfunga nani? IT Carlow. Shika hilo jina vizuri.

MABWANA WAWILI, MWILI MMOJA

Hapa nataka twende polepole kidogo, kwa sababu ndipo penye jasho.

Halingi ni mchezo wa ridhaa. Chama chake, kilichoanzishwa mwaka 1884, hakilipi mchezaji mshahara hata shilingi. Kule mtu huchezea klabu ya parokia alikokulia, na akiwa mkali anaitwa timu ya kaunti yake. Hakuna kununuliwa na matajiri wa mji mwingine. Fainali ya kaunti hupigwa uwanja wa Croke Park, Dublin, unaoingiza watu zaidi ya 82,000, na nyota wa mechi hiyo keshokutwa yake unaweza kumkuta darasani anafundisha, au shambani, au juu ya kenchi anaezeka nyumba ya mtu. Wapo wanafunzi wanaopewa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, nisiwe mwongo. Lakini mshiko wa kununulia gari la kifahari na kutafutwa na kila mrembo wa mjini? Sahau.

Sasa fikiria kijana wa miaka 20. Klabu ya parokia inamtaka. Kaunti inamtaka. Chuo kinamtaka. Na Fitzgibbon huchezwa Januari na Februari, wakati kaunti nazo zinafungua ligi yao. Mwaka 2020 kalenda ilibanwa kweli kweli. Makundi, robo fainali, nusu fainali na fainali vyote viliingizwa kwenye wiki chache, na ligi ya kaunti ikaanza mwishoni mwa Januari katikati ya yote hayo. Kwa hiyo mtu anacheza mechi ya chuo katikati ya wiki, Jumapili anaitwa na kaunti, Jumatatu mhadhiri anadai kazi aliyompa. Kocha wa chuo anasema huyu ni wangu mpaka fainali. Kocha wa kaunti anasema akiumia huko asirudi kwangu. Kijana mwenyewe katikati, kama mke wa mitala anayegombewa shuka!

Makocha na madaktari wa kule wamelalamika miaka nenda rudi kwamba vijana wanachomwa kama mishumaa. Na ni kweli. Mimi nimewahi kuamka asubuhi baada ya bonanza la mtaani, nikashindwa kuvaa soksi. Hao wanachezea gongo.

Kwa nini basi wasikatae? Hapo ndipo nilipowapenda. Kwa miezi mingine yote ya mwaka mtu wa Cork na mtu wa Tipperary ni maadui. Siyo maadui wa kuchekeana, ni maadui wa kurithishana, babu kwa mjukuu. Chuoni wanavaa jezi moja. Wanapanda basi moja, wanagawana chipsi, wanakaa chumba kimoja cha kupanga. Ikifika kiangazi, huyo huyo uliyekuwa unamwazima shati la kwendea disko ndiye unayepangiwa kumkaba mbele ya watu 40,000, na unajua kabisa mguu gani anaupenda.

Na kuna faida nyingine ambayo siyo ya kuonekana kwa macho. Chukua mfano wa Shane Conway, mmoja wa wapachika pointi tegemeo wa Cork katika msimu ule. Kijana huyu kwao ni kaunti ya Kerry. Kerry ni wababe wa kandanda ya Ireland, ile yao ya kudaka kwa mikono, lakini kwenye halingi ubingwa wa nchi nzima waliuchukua mara moja tu, mwaka 1891. Mchezaji wa halingi aliyezaliwa Kerry ni kama mwimba taarabu aliyezaliwa katikati ya wapiga ngoma. Atakuwa hodari, lakini ule uwanja mkubwa wa kiangazi ataendelea kuuona kwenye televisheni. Chuoni ndipo Conway alipopata kusimama bega kwa bega na watoto wa kaunti kubwa, na hawakumpa kazi ya kubeba mifuko. Walimpa mpira.

(Kina dada msinune, sijawasahau. Nanyi mna lenu, linaitwa Ashbourne, la vyuo hivyo hivyo, tangu mwaka 1915. Gongo ni lile lile na ngeu ni zile zile.)

KATI YA DHORUBA MBILI

Wiki ile ya fainali Ireland ilikuwa na shughuli zake. Jumamosi ya Februari 8 wananchi walipiga kura ya uchaguzi mkuu. Jumapili ya Februari 9 ikaingia dhoruba waliyoipa jina la Ciara. Wikiendi iliyofuata ikaja nyingine, Dennis. Kwa hiyo watu wazima wako bize na hesabu za viti vya bunge na matawi ya miti yaliyoanguka barabarani, na katikati ya dhoruba hizo mbili, siku ya Jumatano, wanafunzi 30 wanaingia uwanjani na magongo yao. Februari ya Ireland si mchezo. Ukitaka kuionja, jaza ndoo barafu, weka miguu, halafu mwambie mdogo wako akupepee.

Cork walikuja kama mabingwa watetezi, kwani 2019 walikuwa wamewafunga Mary Immaculate katika fainali. Nyuma yao kuna jina kubwa na makombe 39. Carlow walikuja na nini? Kaunti yao ni ya pili kwa udogo katika Ireland nzima. Chuo chao kilifunguliwa 1970 kama chuo cha ufundi cha mkoa. Makombe ya Fitzgibbon kabatini: sifuri. Fainali walizowahi kucheza: moja, ile ya 2017, na walitoka kapa.

Dakika 60 zikachezwa. Magoli mawili wakayaweka wao. Na bado wakapigwa chupuchupu, kwa pointi moja.

Sasa nikwambie kitu ambacho kinaitofautisha timu ya chuo na timu nyingine yoyote. Simba akifungwa leo, mnazi wa Simba anasema tutakutana msimu ujao, na kweli watakutana, hata ikibidi kwa miaka mia. Timu ya chuo haiko hivyo. Mchezaji ana miaka mitatu, minne, basi. Akimaliza mtihani wa mwisho jezi inabaki stoo, yeye anakwenda kutafuta kazi. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ile pointi moja haina marudiano.

Hata hivyo waliokuwa bado na mwaka mmoja au miwili walikuwa na haki ya kusema "mwakani". Nina hakika walisema. Ningekuwa mimi ningesema.

MWAKANI HAIKUFIKA

Machi 12, 2020, mwezi mmoja kamili tangu fainali ile, Waziri Mkuu wa Ireland wakati huo, Leo Varadkar, alisimama mbele ya vipaza sauti akiwa ziarani Washington na kutangaza kwamba shule na vyuo vyote nchini kwake vinafungwa kuanzia saa 12 jioni ya siku hiyo hiyo. Korona ilikuwa imeingia. Wanafunzi wakafungasha virago. Hawa wa Carlow ambao mwezi mmoja nyuma walikuwa pointi moja kutoka kwenye sare, wakarudi kila mtu kwao na gongo lake, wakapiga mpira kwenye ukuta wa nyumba kama watoto.

Mwaka 2021 Fitzgibbon haikuchezwa kabisa.

Lilipokuja kuchezwa tena, 2022, kombe lilikwenda Chuo Kikuu cha Limerick. Likabaki hapo hapo 2023. Mwaka 2024 wale walimu wa Mary Immaculate wakalitwaa kwa kuwafunga majirani zao hao hao wa Limerick, kwa hiyo misimu mitatu mfululizo kombe halikutoka nje ya mji mmoja.

Na Carlow? Mei 1, 2022, IT Carlow iliunganishwa na chuo cha teknolojia cha Waterford, wakazaa chuo kikuu kipya kinachoitwa South East Technological University. Waterford, kama utakumbuka, ndiyo ile yenye makombe tisa. Yaani mwanafunzi anayeingia leo kwenye majengo ya Carlow anakuta chuo chake kina historia ya ubingwa mara tisa, yote yaliyoletwa na mwenzake wa ndoa. Ukoo umetajirika kwa posa. Yule mshikaji wangu aliposikia hayo akasema basi wamefidiwa, mambo yameisha. Nikamuuliza, wewe ukipewa medali ya shemeji yako utaivaa? Hakujibu, akaagiza chai.

Kwa sababu jina la IT Carlow lenyewe lilifutika bila kulichukua kombe lile hata mara moja. Fainali mbili, 2017 na 2020, mikono mitupu zote. Vijana wale wako hai, wengine bado wanacheza kwenye kaunti zao na klabu za parokia zao, wamepata kazi, baadhi bila shaka wameoa. Lakini hakuna timu itakayoingia uwanjani kwa jina lile kulipa kisasi chao. Chuo hakipo.

Ukipata orodha ya fainali za Fitzgibbon, shuka nayo mpaka 2020. Utaona UCC 0-18, IT Carlow 2-11. Mstari unaofuata, wa 2021, hauna jina la mtu.